Thamani Sawa, Mpaka Kwenye Mlamula

Kwa miaka kumi na mmoja nilifundisha semina ya ndoa usharikani kwetu. Jumamosi, saa nane mchana, kwenye chumba cha nyuma ya madhabahu ambamo pia hukaa majoho ya kwaya, vikapu vya sadaka na jenereta. Wachumba wanakaa wawili wawili kwenye benchi, mimi nimesimama na chaki. Somo langu lilikuwa la tatu, baada ya mchungaji kueleza agano na muuguzi wa zahanati kueleza yale mambo yanayowafanya watu watazame sakafu. Nilikuwa naanza kwa kuandika ubaoni, kwa herufi kubwa: THAMANI SAWA, NAFASI TOFAUTI.

Kisha nashuka nayo. Mwanzo 1:27, mwanamume na mwanamke wameumbwa kwa mfano wa Mungu, hakuna aliyezidi mwenzake. Lakini Mungu wetu ni Mungu wa utaratibu, na katika utaratibu huo mume ni kichwa. Hapo naweka ule utani ambao kila aliyewahi kukaa kwenye semina ya ndoa ameusikia, kwamba mume ni kichwa na mke ni shingo, na kichwa hugeukia shingo inakotaka. Wanacheka. Nami nacheka nao, kama vile nimeutunga mwenyewe.

Siku moja binti mmoja, fundi cherehani, alinyoosha mkono. "Shikamoo mzee. Samahani, hiyo nafasi tofauti naiona kila siku. Hiyo thamani sawa inaonekana wapi?" Mchumba wake akamvuta upindo wa kitenge. Nikajibu kwamba thamani haionekani kwa macho ya nyama, ni jambo la rohoni, Mungu ndiye aijuaye. Wenzake wakaandika kwenye madaftari. Nilijibu vizuri sana siku ile, hata mimi nilijipenda.

Nimezaliwa mwaka 1963, wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Anayetoka kwetu atanielewa nikianza na senene, wale panzi tunaowala. Msimu wa Novemba, mvua ikishakolea, mama na dada zangu walikuwa wanatoka kabla hakujapambazuka kwenda kuwaokota kwenye majani yenye umande. Wakirudi wanakaa kunyonyoa mbawa na miguu, kazi ya saa nyingi, vidole vinabaki na rangi ya majani. Kisha wanakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo. Sahani inaenda kwa baba na kwetu wavulana. Bibi alitusimulia kwamba enzi zake mwanamke kula senene ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Mimi nilipopata akili mwiko ulikuwa umelegea: mama alikula, ila alikula jikoni, amegeukia ukuta. Dada yangu niliyemfuata alikuwa akilamba chumvi kwenye vidole na kunitazama ninavyotafuna.

Na baba yangu, naomba nisieleweke vibaya, hakuwa mtu mkali. Alikuwa mlokole. Uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukavuka Uganda na kushuka hadi kwetu, ulimkuta kijana aliyeoa karibuni. Walokole walikuwa na jambo lao waliloliita kutembea nuruni, yaani dhambi hairuhusiwi kukaa gizani, unaitaja kwa jina mbele ya ndugu. Mama ndiye aliyenisimulia. Kabla mimi sijazaliwa, baba alisimama katikati ya ushirika akasema, "Nimempiga mke wangu kwa sababu ya chumvi kwenye mboga." Hakusema nimekosa mbele za Mungu akaishia hapo. Alimgeukia mama, akamwita jina lake, akaomba msamaha, na watu wakaimba Tukutendereza Yesu kwa Kiganda chao cha kuazima. Kesho yake akachukua mtungi kwenda kisimani. Mwanamume, na mtungi! Wanywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, walisema amelishwa kitu. Mama aliniambia kwamba tangu siku ile mkono wa baba haukumgusa tena kwa ubaya, na kwamba njiani kwenda kisimani yeye mama alikuwa anamfuata kwa nyuma kwa sababu aliona aibu kutembea naye sambamba.

Baba hakujua Kigiriki wala hakuwahi kutamka neno usawa. Lakini nimesoma vitabu vingi vya ndoa tangu hapo na sijaona kilichomzidi yule mtu na mtungi wake.

Hata hivyo kulikuwa na mahali alipokomea. Kibanja chetu kilikuwa cha ekari kama nne, migomba juu, mibuni chini, maharage katikati, na kimezungukwa na mlamula. Mlamula ni ule mmea wa mpaka, majani marefu, haufi hata ukikatwa, na jina lake lenyewe kwa Kihaya lina habari ya kuamua. Ukisimama mlamula, ugomvi umekwisha. Tulikuwa wavulana wawili na wasichana watatu, na baba, pamoja na wokovu wake wote, alikuwa akisema kwamba binti ni mgeni wa nyumba, kesho anahama. Wokovu ulikuwa umeingia jikoni, ukaenda hadi kisimani, ulipofika kwenye mlamula ukasimama.

Dada yangu huyo wa senene aliolewa mbali, upande wa Geita. Mumewe alipofariki, shemeji zake walichukua nyumba, na baadaye wakarudi kuchukua mabati. Akarejea nyumbani mwaka 2006 na binti yake wa mwisho na sanduku moja. Miaka miwili baadaye baba akapata kiharusi. Mimi nilikuwa naishi kwenye nyumba ya mwalimu, mbali kidogo, nikituma hela kila mwisho wa mwezi, na nikija Jumapili nakaa kwenye kiti karibu na kitanda na kumsomea Zaburi. Dada ndiye aliyemgeuza, akamwogesha, akamsagia ndizi, akafua mashuka usiku ili yakauke asubuhi. Miaka minne.

Baba alipofariki, siku ya kuondoa matanga wazee wa ukoo walikaa kwenye mikeka, wanawake nyuma yao. Nikatangazwa omusika, mrithi mkuu, kama ilivyotarajiwa, na mdogo wangu akapewa sehemu yake. Mambo yalikuwa yanaelekea kwenye chakula. Ndipo dada akaja mbele, akapiga magoti kama mila inavyotaka, akasema, "Naomba kile kipande cha chini, kwenye mibuni ya zamani. Si cha kulima tu. Kiwe changu."

Wazee wakanitazama mimi. Wangeweza kumjibu wenyewe, lakini mimi nilikuwa mwalimu, mzee wa kanisa, mtu wa maneno. Nikamwambia, kwa sauti ya upole kabisa, ile sauti ya semina, "Dada, wewe ni wa hapa, hakuna atakayekufukuza. Utalima na kula mpaka mwisho wa siku zako. Lakini ardhi ya ukoo haiandikwi jina la mwanamke. Mambo yana utaratibu wake."

Hakunyanyuka. Akasema, "Mdogo wangu, baba alipokuwa hawezi kujigeuza kitandani, utaratibu ulikuwa unalala wapi?"

Kisha akainuka, akaenda jikoni, kwa sababu watu walikuwa hawajala na yeye ndiye aliyekuwa na funguo za stoo.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba sikuwa na udhuru wa kutojua. Nilichompa dada siku ile ndicho hasa kilichoandikwa katika tamko la sheria za mila la mwaka 1963: mtoto wa kiume wa kwanza daraja la kwanza, wavulana wengine la pili, mabinti la tatu, na ardhi ya ukoo mwanamke ataitumia akiwa hai lakini hawezi kuiuza. Na mimi nilikuwa nafundisha Uraia. Nilikuwa nawakaririsha watoto ibara ya 12 ya Katiba, kwamba binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa. Zaidi ya hapo nilikuwa nawafundisha kesi ya kwetu kabisa, ya mama wa Kihaya aitwaye Holaria Pastory. Huyu baba yake alimwachia shamba kwa wosia. Uzee ukamkuta hana wa kumtunza, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000, kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akamshitaki kwamba mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikakubaliana na mpwa, ya wilaya ikakataa, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu pale Mwanza akamaliza: mila hiyo ni ya ubaguzi, inapingana na haki zilizomo kwenye Katiba, mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yale yale ya mwanamume.

Nakumbuka mwaka ule. Nilikuwa mwalimu kijana, na kwenye vilabu wanaume walizungumza kama watu waliopigwa radi. Baadaye niliiweka hukumu ile kwenye mtihani. Aliyejibu kwamba ilikuwa ya haki nilimpa alama zote, vema kubwa kwa kalamu nyekundu. Halafu miaka ikapita, nikakaa kwenye mkeka wa matanga, na kalamu nyekundu sikuwa nayo.

Dada aliendelea kulima. Hakugomba. Nikifika ananiletea maji ya kunawa, anauliza habari za watoto, anarudi zake nyuma ya nyumba. Nikadhani yameisha.

Mke wangu ndiye aliyeona. Tuna desturi ya sala za jioni, tunasoma kwa zamu, na jioni moja zamu ilikuwa yake. Akafungua Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya tatu. Ile aya ya wake kutii waume aliisoma mara moja. Ya saba akaisoma mara mbili, polepole: "...na kumpa mke heshima, kama chombo kisicho na nguvu. Na kama warithi pamoja wa neema ya uzima, kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe." Akafunga Biblia. "Warithi pamoja," akasema. Tukanyamaza. "Mwalimu, siku hizi ukiomba nasikia kama mtu anayeongea kwenye simu iliyokatika."

Nilikasirika, nikalala nimegeukia ukuta. Kama mama na senene zake, nimewaza baadaye, ila mimi nilikuwa nimeshiba.

Mwaka uliofuata tuliletewa mchungaji mwanamke. Kanisa letu la KKKT, yaani la Kilutheri, liliamua mwaka 1990 kwamba wanawake wanaweza kubarikiwa kuwa wachungaji, kila dayosisi ikaenda kwa mwendo wake, na usharika wetu ulikuwa unawapokea wanaume miaka yote hiyo bila kujiuliza. Baraza la wazee lilikaa na kuandika barua ya kuomba tuletewe mwingine. Katibu nilikuwa mimi. Sababu tulizotaja ni milima, usafiri wa pikipiki, mazishi ya mvua. Mtume Paulo na 1 Timotheo 2:12, ile ya kumkataza mwanamke kufundisha, tulimweka mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka kuweka chumvi chungu kikiwa kimeshaepuliwa. Jibu lilikuja la sentensi moja: mchungaji ataripoti tarehe mosi.

Akaripoti. Shida ya kwanza haikuwa ya kitheolojia, ilikuwa ya jina. Kwetu "mama mchungaji" ni mke wa mchungaji. Sasa huyu tumwiteje? Wengine wakamwita Mchungaji tu, wengine wakanyamaza wakamsalimia kwa kichwa. Mumewe, fundi wa redio na simu, vijana wakambatiza Baba Mchungaji, naye akaitika bila shida, jambo lililotuudhi zaidi. Siku ya kwanza ya Ushirika Mtakatifu wanaume kadhaa walijipanga upande ambako mwinjilisti ndiye aliyeshika kikombe. Mimi sikujipanga popote. Nilisema tumbo linanisumbua.

Wiki ya tatu alinitembelea. Alisalimia, akapewa chai, akasifu mihogo, kisha akasema, "Mzee, nimepanga mafaili ya ofisi. Una mwandiko mzuri sana."

Barua yetu ilikuwa mle ndani.

Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akaendelea kunywa chai. Hakuigusa tena ile barua. Alichofanya ni kuniomba Biblia yangu na kuniomba nimsaidie kuandaa somo, eti mimi mzoefu. Tukaanza na Mwanzo 2:18, "nitamfanyia msaidizi wa kufanana naye." Akaniuliza nikisikia msaidizi nafikiria nini. Nikasema ukweli: utingo, karani, mtu wa chini ya mkuu. Akafungua Zaburi 121, nikasoma mwenyewe kwamba msaada wangu u katika Bwana. Akasema kwa Kiebrania ni neno lile lile, ezeri, na kwamba mara nyingi zaidi linapotokea katika Agano la Kale linamhusu Mungu. "Sasa Mungu akiwa msaidizi wa Israeli, amekuwa utingo wao?"

Kisha Waefeso 5. Hapo nilijiona niko nyumbani. Nikaanza, "Enyi wake, watiini waume zenu..." Akanizuia kwa mkono. "Anza mstari wa juu yake." Wa juu yake ni wa 21: hali mnanyenyekeana katika kicho cha Kristo. Akanieleza kwamba katika nakala za kale kabisa za Kigiriki mstari wa 22 hauna kitenzi chake. Unaazima kile cha 21. Yaani kunyenyekea kwa mke ni tawi la kunyenyekeana kwa wote wawili, ukilikata kwenye shina hilo linabaki kuni. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa naanza kusoma mstari mmoja chini.

Sikumwamini moja kwa moja. Nilikwenda kwa mwalimu mwenzangu Mkatoliki, mtu wa vitabu, nikijua kanisa lake haliwapi wanawake upadre na nikitumaini ataniunga mkono. Akanijibu kwamba suala la upadre ni jingine, lakini kuhusu aya hiyo Papa Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1988 juu ya hadhi ya mwanamke, alisema utii wa ndoa ni wa pande zote mbili. Nikarudi mikono mitupu, na nimekuwa na deni kwake tangu siku ile.

Wapo Wakristo wacha Mungu wanaosoma neno kichwa na kuona mamlaka ndani yake, na wengine wanaona chanzo, na wengine wanaona tu mtu anayetangulia kufa, kwa kuwa Kristo aliye kichwa cha Kanisa alikitumia kichwa hicho kuvikwa miiba. Nawajua wa kundi la kwanza ambao wake zao hawajawahi kulia, na nawajua wa kundi la mwisho, wenye digrii, ambao mishahara ya wake zao wanaishika wao. Kwa hiyo siku hizi sianzi kwa kumuuliza mtu anasoma vipi Waefeso.

Alipokuwa anaondoka, mchungaji alisimama mlangoni akasema, "Ukipata nafasi usome Hesabu 27. Ni sura fupi." Mpaka leo sijui kama dada alikuwa amemweleza. Sikuuliza, nilihofia jibu.

Nilisoma usiku ule. Binti watano wa Selofehadi, Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, baba yao amekufa jangwani bila mwana wa kiume, wanasimama mbele ya Musa, mbele ya kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote, mlangoni pa hema, wanasema wapewe milki. Hawakupiga magoti, au kama walipiga hakuna aliyeona haja ya kuandika. Musa, mtu aliyeongea na Mungu uso kwa uso, hakuwajibu kwa kichwa chake. Alipeleka neno lao kwa Bwana, na Bwana akasema mabinti wamenena haki. Musa alikuwa na sheria zote na bado alikwenda kuuliza. Mimi nilijibu palepale mkekani. Majina ya hao watano nimeyahesabu, Biblia imeyaorodhesha mara nne. Kwenye sura ya 36, ni kweli, wazee wa ukoo wanarudi na masharti yao kuhusu waolewe wapi. Ukoo ni ukoo hata jangwani.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, lakini sikwenda semina. Nilimkuta dada nyuma ya nyumba anamenya ndizi.

"Nimekuja kuhusu kile kipande cha chini."

"Kipande gani?"

"Chako."

Hakuinua uso. Akaendelea na ndizi mbili tatu, kisha akasogeza kisu cha pili kwa ncha ya mguu. "Kaa umenye. Watu wa jumuiya wanakuja saa kumi." Nikakaa nikamenya. Utomvu uliniganda mikononi siku mbili, na nusu ya ndizi zangu alizirudia yeye.

Utekelezaji ulichukua karibu miaka miwili na hauna utamu wa kusimulia. Vikao vya ukoo, halmashauri ya kijiji, majirani wa mpaka kusaini, kupima, kulipia, kusubiri, afisa kuhamishwa, kuanza upya. Mwisho ikatoka hatimiliki ya kimila, ile ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ina jina lake na picha yake ya pasipoti amekunja uso kama amekamatwa. Baba mdogo mmoja aliacha kuja kwangu. Mwingine aliniambia mbele ya watu kwamba nimetawaliwa na wanawake watatu kwa mpigo, akawahesabu kwa vidole: mke, dada, mchungaji. Hesabu yake ilikuwa sahihi.

Nikarudi kwenye semina na kufuta yale maneno ubaoni. Badala yake nilianza kuwauliza wachumba swali moja: tangu mmefahamiana, ni lini huyu binti alisema hapana, na hapana yake ikabaki hapana? Si kuhusu rangi za harusi. Kuhusu hela, kuhusu mahali pa kuishi, kuhusu mama yako. Wengi hukaa kimya kirefu. Kijana mmoja alijibu kwa fahari, "Sisi hatujawahi kutofautiana, mzee," na binti aliyekuwa pembeni yake akatazama sakafu vilevile kama wakati wa somo la muuguzi. Hao niliomba wasogeze tarehe. Walikwenda kufunga ndoa usharika mwingine.

Nilikuwa nimenogewa. Nilisimulia habari za dada kwenye semina, kwenye mahafali, kwenye kongamano la wanaume, kila mara nikiongeza kidogo machozi yangu. Mpaka jioni moja mke wangu akaniambia, "Mwalimu, umeanza kuhubiri usawa kwa sauti ileile uliyohubiria ukichwa. Na wifi hajawahi kukuruhusu kusimulia mambo yake." Nikamwuliza dada kama inamkera. Akasema inamkera. Nikaacha, na haya ninayoandika leo nilimsomea kwanza, simu mkononi, na mawili matatu ameyaondoa.

Ila hili la mwisho amelikubali, tena alicheka.

Mwaka 2021 alinipigia. Amepata mteja wa kile kipande, mtu wa Biharamulo, si wa ukoo, ana mpango wa kupanda mikaritusi. Hela anataka kujengea vyumba viwili pale senta na kumlipia mjukuu ada ya uuguzi. Nilihisi damu inanipanda. Nikaanza kumweleza habari za jasho la baba, mibuni iliyopandwa na babu, mikaritusi inavyokausha kisima. Nikamwambia mimi nitanunua, anipe muda. Akauliza muda gani. Nikasema mpaka mafao ya mdogo wetu yatoke. Akasema, "Mdogo wangu, mwenye hela yuko hapa amekaa, anakunywa chai."

Nikanyamaza. Nilikuwa nimempa ardhi nikitarajia ataitunza kwa niaba yangu. Nilipokuwa nampa hati, moyoni nilikuwa bado nimeshika ncha moja ya karatasi. Na hukumu ya Mwanza ya mwaka 1990 haikuwa ya mwanamke kupewa shamba. Shamba Holaria Pastory alikuwa nalo tayari. Ilikuwa ya mwanamke kuliuza.

"Na mimi unanihitaji kwa lipi?" nikamuuliza.

"Kusaini. Wewe ni jirani wa mpaka."

Nikaenda. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, mteja alikuwepo, dada alikuwa amevaa kitenge kipya na miwani ya kusomea. Tulitembea mpakani tukauhakiki mlamula, mmea kwa mmea, na pale ambapo ulikuwa umekatika mteja akachomeka mpya. Kisha tukarudi kivulini. Dada alisoma karatasi yote kuanzia juu, neno kwa neno, sote tumesubiri, akatia sahihi yake, akanipa kalamu.